Mwana-kondoo Anapoharisha

Si ajabu kukuta kondoo wawili watatu nyuma ya nyumba ya mfanyakazi, huko pembezoni mwa mji. Baba yuko zamu, mama yuko sokoni, na aghalabu ni watoto wanaotambua kwanza kwamba kale kadogo kalikozaliwa juzi hakaruki tena. Mkia umelowa kinyesi cha majimaji, masikio yamelegea. Nyumba nzima huhangaika, na kwa huruma mtu humshika taya akammiminia maziwa ya ng'ombe. Hapo ndipo wengi huwapoteza.

Yafaa tuelewe sababu. Kondoo ana matumbo manne, lakini aliyezaliwa juzi hutegemea lile la nne. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja ukayapitisha maziwa moja kwa moja hadi huko. Akimiminiwa kwa nguvu, yaweza kuingia tumbo la kwanza yakachacha, au, vibaya zaidi, yakaingia mapafuni. Tena mnyama aliyepoa hawezi kuyasaga. Joto la mwana-kondoo mwenye afya ni kiasi cha digrii 39 hadi 40. Likishuka chini ya 37, yumo hatarini. Mtie kidole kinywani. Kinywa kikiwa baridi naye hanyonyi, usimpe kitu. Mfunike gunia kavu na kumwita bwana mifugo upesi, kwani huenda akahitaji sindano ya sukari kabla ya kupashwa joto.

Ikiwa bado ananyonya, kazi ni ya nyumbani, na akina mama wanaijua tangu kliniki. Kinachomwua anayeharisha, awe mtoto au mwana-kondoo, mara nyingi ni kupotewa na maji na chumvi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwana-kondoo wa kilo tatu apewe kiasi cha mililita 150, vuguvugu, kwa chupa yenye chuchu, akiwa amesimama, mara tatu au nne kwa siku. Usichanganye na maziwa. Wala usimtenge na mama yake kutwa nzima kwa kudhani kwamba njaa hukausha tumbo, humdhoofisha tu.

Lakini ugonjwa huu mara nyingi huanzia saa za kwanza za uhai. Mwana-kondoo huzaliwa karibu bila kinga yoyote mwilini, na kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Huyo wa kilo tatu anahitaji kiasi cha mililita 600 katika saa 24, na ni lazima aanze kuyapata kabla ya saa sita kwisha, kwa kuwa baadaye utumbo huacha kuipokea kinga hiyo. Kuna watu huyakamua wakayamwaga kwa kuyaona machafu! Wazaliwapo mapacha, mtazame yule mdogo, maana husukumwa pembeni.

Zizi bichi lenye samadi ya mwezi mzima huwarudishia ugonjwa hata waliopona. Badilisha nyasi za kulalia, na kitovu kichovywe katika iodini mara tu anapozaliwa.

Vidonge vilivyosalia kabatini tangu baba alipougua visiguswe. Baadhi ya viini vya kuharisha haviuawi na dawa hizo, na aliyefikisha wiki tatu huenda ana ugonjwa mwingine kabisa, unaotaka dawa nyingine. Kinyesi kikiwa na damu, aitwe bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Watoto nao, ambao ndio walezi wakubwa wa mgonjwa huyu, wasimbusu wala wasilale naye. Baadhi ya viini hivyo huwapata binadamu pia. Wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo zizini, na chupa ya mwana-kondoo isichanganywe na vyombo vya jikoni.