Huduma ya Vyuo Vikuu kwa Jamii na Jinsi Inavyopimwa

Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kufanya utafiti na kuitumikia jamii. Mbili za mwanzo hupimika kwa wepesi, kwa kuhesabu wahitimu na maandiko. Ya tatu ni nzito zaidi, kwani hujibu suala la mwananchi: elimu hiyo imemfikia nani?

Nchini Tanzania, ukaguzi wa vyuo vikuu vya Bara na Visiwani ni dhamana ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), iliyoanzishwa mwaka 2005. Huduma kwa jamii ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Uingereza imeipa huduma hiyo alama maalumu. Katika tathmini ya utafiti ya mwaka 2014, manufaa yaliyopatikana nje ya chuo yalibeba asilimia 20 ya alama zote. Mwaka 2021 yalifikia asilimia 25. Matokeo hayo hutumika katika kugawa fedha za Serikali.

Kwa upande wa Zanzibar, mfano ulio wazi ni mwani. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti tangu miaka ya 1970, lakini kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989. Mkaguzi aliyehesabu mavuno ya mwaka mmoja asingeliona tunda hilo.

Baadaye joto la bahari lilipozidi, mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, ulianza kufa. Kwa akina mama, ambao ndio wengi katika kilimo hicho, hasara hiyo iligusa chakula cha nyumbani na sare za watoto wa skuli. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, akiwemo Dk. Flower Msuya, walikwenda pwani kujaribu pamoja nao kupanda kwenye maji ya kina zaidi, na kutengeneza sabuni na unga wa mwani wenye thamani kubwa kuliko mwani mkavu.

Hivyo, tathmini ya haki haina budi kuwa na subira, na kumsikiliza mkulima pamoja na mtaalamu. Mwananchi naye anao wajibu wa kuyafikisha masuala yake kwa watafiti na kudai kurejeshewa majibu kwa lugha anayoifahamu. Wahenga walisema: elimu bila ya amali ni kama mti bila ya matunda.