Mkoromaji na Mashine ya Pumzi: Ya Kutazamwa Kabla ya Kununua

Katika nyumba nyingi za Kampala kukoroma hakuhesabiwi kuwa ugonjwa. Mzee akikoroma, watoto hucheka na mama husogea ukutani; kambini wenzake humpa jina la lori au la kinu cha kusaga mahindi, na mambo huishia hapo. Lakini kuna kukoroma kwa namna nyingine. Sauti hupanda, kisha hukatika ghafula, kukawa kimya kwa muda wa kuhesabu kumi, ishirini, au hata zaidi. Halafu mtu hushtuka kama aliyeokolewa majini, huvuta pumzi kwa kishindo, na kuanza tena. Asubuhi yeye mwenyewe hana habari. Mwenye habari ni yule aliyelala ubavuni pake, na ndiyo sababu madaktari hupenda mgonjwa wa namna hii aje hospitali pamoja na mkewe. Au na mumewe, kwa kuwa wanawake nao huupata ugonjwa huu, hasa baada ya kukoma hedhi.

Jina lake ni apnea ya usingizi, yaani kukatika pumzi usingizini. Mtu alalapo misuli ya koo hulegea, ulimi na nyama za kooni hurudi nyuma, na njia ya hewa huziba. Damu hupungukiwa oksijeni, ubongo hushtuka na kuuamsha mwili nusu nusu ili koo lifunguke, na jambo hilo laweza kurudiwa mara mamia kwa usiku mmoja. Mtu huyo hulala saa nane akaamka amechoka kama aliyekesha. Kichwa humuuma asubuhi, hasira huwa karibu, shinikizo la damu hukataa kushuka hata akimeza dawa, na hatari ya maradhi ya moyo na ya kiharusi huongezeka.

Kwa askari na kwa dereva, hatari haingoji miaka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba dereva mwenye ugonjwa huu usiotibiwa hupatwa na ajali kwa kiasi cha mara 2 au zaidi akilinganishwa na dereva mzima. Mwenye kuendesha lori usiku kutoka Kampala kwenda Gulu ataelewa maana yake. Na yule anayekutwa amesinzia lindoni hupelekwa mbele ya mkubwa wake kwa kosa la uzembe. Si kila asinziaye lindoni ni mgonjwa. Ila askari mnene, mwenye shingo nene, ambaye wenzake bwenini wanamjua kwa kukoroma na kukabwa pumzi, ingefaa apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa mahabusu.

KIPIMO KWANZA

Mashine ya pumzi hainunuliwi kama redio. Kwanza hapana budi kupimwa usingizi. Mgonjwa hulala usiku mmoja akiwa amefungwa nyaya na vipimo vya pumzi, vya oksijeni na vya mapigo ya moyo, ama katika chumba maalumu, ama nyumbani kwa kifaa kidogo. Huhesabiwa ni mara ngapi kwa kila saa pumzi ilikatika au kupungua kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Chini ya mara 5 ni hali ya kawaida. Kuanzia 5 ugonjwa ni hafifu, kuanzia 15 ni wa wastani, na kuanzia 30 ni mkali. Wa kumwona ni daktari wa mapafu au wa masikio, pua na koo, na wote wawili wanapatikana katika kilima cha Mulago.

Baada ya kipimo huenda mgonjwa akaambiwa kwamba mashine haihitajiki. Wako wanaopona nusu ya taabu yao kwa kupunguza uzito, kwa kulala ubavu badala ya kulala chali, na kwa kuacha waragi na dawa za usingizi, kwa maana vitu hivyo hulegeza koo zaidi. Mwezi Desemba 2024 wakuu wa dawa wa Marekani waliidhinisha hata dawa ya sindano, tirzepatide, kwa wagonjwa wanene wenye apnea ya wastani au kali. Tena iko apnea ya namna nyingine, isiyotoka kooni bali katika ubongo unaosahau kuamuru pumzi, na hiyo ina matibabu yake. Anayenunua mashine bila kipimo huenda akawa ananunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

MASHINE ILIVYOZALIWA

Hadi mwaka 1980 tiba ya hakika kwa mgonjwa mahututi ilikuwa kutobolewa koo na kutiwa bomba la kupumulia. Katika mwaka huo daktari wa Sydney, Australia, jina lake Colin Sullivan, alitumia mota ya mashine ya kufagilia mazulia, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, akaupitisha upepo wake puani mwa mgonjwa aliyekuwa ameogopa kutobolewa. Koo likabaki wazi usiku kucha. Habari hizo zilichapwa katika jarida la madaktari, The Lancet, mwaka 1981, zikieleza wagonjwa 5. Barakoa za mwanzo zilifinyangwa kwa umbo la uso wa kila mgonjwa, zikabandikwa kwa gundi kila usiku.

Mashine za leo, ambazo madaktari huziita kwa herufi nne CPAP, ni ndogo kama kopo la biskuti, na sauti yake ni ndogo kuliko ya mkoromaji kwa mbali. Kazi yake ni ile ile. Haimpumulii mtu, wala haimpi oksijeni ya chupa; husukuma hewa ya chumbani kwa nguvu kidogo, nayo hewa hiyo hulishikilia koo kama nguzo ishikiliavyo hema.

Ziko za namna tatu. Ya kwanza husukuma hewa kwa nguvu moja usiku kucha, na ndiyo rahisi kwa bei. Ya pili hujipima yenyewe, ikaongeza nguvu koo linapotaka kuziba na kuipunguza linapofunguka. Huwafaa wengi, hasa wale ambao hawakupata nafasi ya kupimiwa nguvu yao maalumu hospitalini. Ya tatu hutoa nguvu kubwa mtu avutapo pumzi na ndogo aitoapo. Ni ghali, na asiinunue mtu ila kwa amri ya daktari. Nguvu ya hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na mashine nyingi huenda kuanzia 4 hadi 20. Tarakimu hiyo huandikwa na daktari kama aandikavyo dawa. Mashine iliyopangiwa 7 kwa mgonjwa anayetaka 13 ni upepo wa bure.

Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale karibu mita 2,000. Mashine za kisasa karibu zote hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko, lakini baadhi ya za zamani hutaka kupangwa kwa mkono. Mtumishi anayehamishwa mara kwa mara aulize jambo hilo dukani.

BARAKOA NDIYO KAZI

Watu hutumia fedha nyingi na fikira nyingi kwa mashine, kisha huchukua barakoa yoyote iliyomo katika boksi. Hapo ndipo penye kosa. Wengi walioiweka mashine yao juu ya kabati ikala vumbi hawakushindwa na mashine, walishindwa na barakoa.

Barakoa ndogo kuliko zote ina vijiti viwili laini vya mpira vinavyokaa katika matundu ya pua. Haizibi macho, na humfaa mwenye ndevu na mwenye kuogopa kufunikwa uso. Ila nguvu ya hewa ikiwa kubwa huweza kuumiza pua. Ya pili hufunika pua peke yake, na ndiyo inayowafaa watu wengi kwanza. Ya tatu hufunika pua na kinywa pamoja, kwa ajili ya wale ambao pua zao huziba au hupumua kwa kinywa. Hii ni nzito, huvuja kwa urahisi, tena huweza kulisukuma taya nyuma. Kwa hiyo mwenye pua iliyoziba kwa mafua ya mzio atafanya vema atibu pua kwanza kabla ya kuikimbilia.

Barakoa hupimwa usoni. Nyingi hutengenezwa ng'ambo, na kipimo kilichoandikwa cha kati huenda kikabana pua pana au kikaacha mwanya pembeni. Mnunuzi aombe kujaribu vipimo viwili au vitatu, na asijaribu akiwa amesimama mbele ya kioo kama mtu anunuaye kofia. Alale chali, mashine iwashwe kwa nguvu atakayoitumia, ageuke kulia na kushoto, na asikilize kama hewa inavujia machoni. Mikanda ikazwe kiasi cha kupitisha vidole viwili. Wanaoikaza sana ili isivuje huamka na vidonda juu ya mfupa wa pua, na barakoa huendelea kuvuja vile vile.

Liko jambo moja ambalo familia za askari zinapaswa kulizingatia kuliko watu wengine wote. Barakoa nyingi mpya hufungwa kwa vifungo vya sumaku. Kampuni ya Philips ilitoa onyo juu ya sumaku hizo mwaka 2022, na ResMed mwaka 2023, kwamba zisitumiwe na mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au aliye na vipande fulani vya chuma mwilini, vikiwamo vipande vya chuma vilivyobaki jichoni. Onyo hilo lamhusu pia anayelala karibu naye kitanda kimoja. Mtu aliyewahi kujeruhiwa kwa bomu au risasi na bado ana chembe za chuma usoni au kichwani amwambie daktari waziwazi, na achague barakoa yenye vifungo vya plastiki.

UMEME, MAJI NA VUMBI

Mashine nyingi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240, basi umeme wa Uganda haudhuru. Hata hivyo itazamwe karatasi iliyobandikwa chini yake. Bila chombo cha kupasha maji moto, mashine yenye nguvu ya wastani hula kiasi cha wati 30, na fedha za Yaka hazitaisha kwa sababu yake. Chombo cha maji kikiwashwa, matumizi huweza kupanda mara mbili au tatu. Usiku umeme ukikatika, mgonjwa hurudi katika hali yake ya zamani. Betri ya volti 12 yenye ampea 100 kwa saa ina akiba ya wati 1,200 kwa saa, na kwa kuwa haifai kuimaliza kupita nusu, zabaki 600. Saa 8 za mashine hula 240. Hivyo betri nzima yaweza kuvusha usiku mbili, chombo cha maji kikiwa kimezimwa, na waya uwe ule uliotengenezwa kwa aina hiyo ya mashine, kwa maana baadhi hutaka volti 24.

Maji ya kutia katika chombo yawe yaliyotoneshwa kwa mvuke. Yakikosekana, maji yaliyochemshwa na kupoa huweza kutumika kwa muda, ingawa huacha ukoko mweupe. Yale yauzwayo kwa ajili ya betri za magari yasitiwe kabisa, kwani huenda yamechanganywa na asidi. Kila asubuhi chombo kimwagwe na kikaushwe, na barakoa ifutwe kwa maji na sabuni laini. Chujio la hewa litazamwe kila juma, hasa nyumba ikiwa kando ya barabara ya udongo mwekundu au jiko la makaa likiwa karibu. Mashine ikae juu ya kigoda kilicho chini ya usawa wa mto, ili maji yasitiririke puani. Na bomba lipite chini ya pindo la chandarua, pindo likichomekwa vema pande zote mbili.

ILIYOKWISHA TUMIKA

Kwa kuwa familia nyingi hulipa kutoka mfukoni, wengi hutazama mashine iliyokwisha tumika. Si haramu. Lakini mwezi Juni 2021 Philips iliita irudishwe mashine zake kwa mamilioni, miongoni mwao DreamStation ya kwanza, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa ikimomonyoka, na chembe zake na gesi zake kuingia katika njia ya hewa. Mashine hizo zilikuwa za kabla ya Aprili 26, 2021. Mnunuzi asome jina, aina na namba iliyo chini ya mashine, kisha ailinganishe na orodha ya kampuni. Muuzaji akisema namba imefutika, biashara iishie hapo.

Ikiwa ni salama, ifunguliwe mahali inapoonyesha saa ilizofanya kazi, kama gari linavyoonyesha maili. Barakoa, bomba na chujio vya mtu mwingine vitupwe, vinunuliwe vipya. Nguvu ya hewa aliyopangiwa mwenye mashine wa kwanza ifutwe na daktari apange nyingine. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama mpira wa akiba wa barakoa ile unapatikana Kampala, kwani mpira huo huchoka upesi kuliko mashine, na kuungojea kutoka Nairobi au Dubai kwaweza kumgharimu mgonjwa usingizi wa majuma.

Majuma ya kwanza huwa magumu. Avae barakoa mchana akisikiliza redio, mashine ikiwa imewashwa, mpaka uso uzoee. Huko Marekani bima ya serikali ya wazee humhesabu mgonjwa kuwa ameishika tiba akiivaa walau saa 4 kwa usiku, katika usiku 7 kati ya kila 10. Na mama asione haya kuhesabu: usiku wa kwanza mzee anapolala kimya kabisa, wake wengi huamka kumgusa kifua kuona kama yu hai.