Serikali ikitwaa kiwanja chako, zifahamu haki hizi

ARDHI yote nchini Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, lakini haki ya mwenye kiwanja haipotei pale Serikali inapokihitaji kwa ajili ya barabara, reli au uwanja wa ndege.

Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema.

Hesabu yake haiishii kwenye nyumba. Inajumuisha thamani ya ardhi kwa bei ya soko, posho za usumbufu na usafiri, pamoja na kodi ya pango au faida ya biashara ya miezi 36.

Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, mlipaji hudaiwa riba. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, miaka miwili ikipita tangu uthamini uidhinishwe bila fidia kulipwa, hurudiwa upya.

Hivyo, mwenye mali ahakiki kila kipengele kabla ya kutia saini fomu ya uthamini, na abaki na nakala yake. Asiyeridhika anaweza kwenda mahakamani.