Saini Inayoruhusu Linux Kuwaka

Kompyuta inapowashwa, programu ya kwanza kufanya kazi si Windows wala Linux, bali ni UEFI, iliyowekwa na kiwanda kwenye bodi mama. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na Secure Boot: UEFI hukataa kuendesha programu yoyote ya kuwashia mfumo isiyo na saini ya kidijitali inayotambulika. Hivyo huzuiwa programu hasidi zinazojipenyeza chini ya mfumo endeshi, ambako kwa kawaida antivirusi hazifiki.

Kikwazo ni kwamba funguo zilizomo katika kompyuta hizo kwa kawaida ni za Microsoft, na mradi wa Linux wa kujitolea kama Debian hauwezi kuiombea saini kila keneli mpya, yaani kiini cha mfumo. Ndiyo maana ikatungwa shim, programu ndogo ambayo Matthew Garrett alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Microsoft hutia saini shim tu. Ndani yake mna cheti cha Debian, na kwa cheti hicho hukaguliwa GRUB, programu inayopakia keneli, na keneli yenyewe. Debian ilianza kutumia utaratibu huu katika toleo la 10, Julai 2019.

Kuifungasha shim kunadai subira. Kwanza hujengwa kifurushi cha shim-unsigned, kisicho na saini. Wataalamu wa miradi mingine ya Linux hupitia msimbo wake na kuujenga upya, ili ithibitike kwamba faili inayopatikana ni ileile, baiti kwa baiti. Ukaguzi huu wa hadharani ndio uti wa mgongo wa kazi yote, kwa kuwa saini peke yake haithibitishi ubora. Baada ya hapo faili hupelekwa Microsoft, na inaporudi na saini huwekwa katika kifurushi cha pili, shim-signed.

Julai 2020 ilitangazwa BootHole, kasoro ndani ya GRUB. Matoleo mabovu tayari yalikuwa na saini halali, na orodha ya kuyapiga marufuku ilihitaji nafasi kubwa katika kumbukumbu finyu ya UEFI. Ili kuepuka orodha ndefu kama hiyo, mwaka 2021 shim ikapata SBAT: kila programu hubeba namba ya kizazi, na yenye namba ya chini kuliko inayotakiwa hukataliwa.

Mwenye kompyuta naye anaweza kusajili ufunguo wake mwenyewe, uitwao MOK. Anayetaka kujua kama Secure Boot inafanya kazi katika Debian yake aandike amri mokutil --sb-state.