Pikipiki Haina Moto

Julai, saa kumi na moja alfajiri, dereva wa bodaboda wa Sumbawanga anatoka nyumbani na makoti mawili na kofia ya sufu chini ya helmeti. Mji uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Ufipa mwezi huo haina utani. Abiria ameshapiga simu, anawahi basi la Mbeya. Dereva anabonyeza stata. Pikipiki inajibu tik-tik-tik, kisha kimya.

Kinachofuata kijiweni kinajulikana. Mmoja anasema koili imekufa, mwingine anaapa kwamba CDI, kile kisanduku kinachoratibu cheche, imeungua, na kabla jua halijapanda mtu ameshanunua kifaa asichokihitaji. Fedha hiyo ilikuwa hesabu ya bosi, au ada ya mtoto. Inauma, kwa sababu mara nyingi kosa liko kwenye nati iliyolegea au waya uliochubuka, vitu vinavyotengenezwa kwa spana namba kumi na kipande cha tepu.

Mafundi hawasemi sana “umeme”, wanasema “moto”. Waya una moto, plagi haina moto. Neno hilo linasaidia, maana moto una njia yake: unatoka kwenye betri kupitia fyuzi na swichi, au kwenye magneti moja kwa moja, unaingia CDI, unakuzwa na koili, unarukia ncha ya plagi. Kazi ya mtafutaji ni kuufuata njiani mpaka pale unapopotelea.

Ile tik-tik-tik ni sauti ya relei ya stata. Moto uliopo unatosha kuivuta relei, ila hautoshi kuizungusha mota. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai zaidi saa ambayo betri inatoa kidogo. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, imeishiwa chaji. Asiye na mita awashe taa kisha abonyeze stata. Taa ikififia, aangalie betri na vichwa vyake kwanza: ule unga mweupe au wa kijani usuguliwe, nati zikazwe. Taa ikibaki vilevile na stata isiseme kitu, tatizo liko kwenye kitufe, swichi ya klachi au relei. Na kama hakuna taa wala honi, fyuzi ndiyo ya kutazamwa.

Hapa panahitaji kusemwa jambo zito. Fyuzi ikiungua safarini, wapo wanaoiziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Pikipiki inawaka na safari inaendelea. Lakini mara nyingi fyuzi huungua kwa sababu kuna waya mahali fulani unaogusa chuma, na sasa hakuna tena cha kuukatia moto. Nyaya nyingi hupita chini ya tangi la petroli. Fyuzi ya akiba chini ya siti haina uzito wala gharama ya maana. Kila dereva awe nayo.

Stata ikizungusha vizuri na injini isiwake, ni zamu ya plagi. Inafunguliwa, inarudishwa kwenye kofia yake, chuma chake kinagusishwa kwenye injini mbali na tundu ilimotoka, kisha injini inazungushwa. Tundu hilo hutoa mvuke wa petroli, hivyo petroli iliyomwagika ifutwe kwanza na uso usisogezwe. Cheche nene ya bluu ni habari njema. Isipoonekana, ijaribiwe plagi nyingine, kisha kofia, kabla ya kuitaja koili.

Halafu ziangaliwe swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani na nyaya za shingoni. Kila kona ya kupanda milima ya Mbizi inazikunja nyaya hizo, na ngozi yake inachubuka. Kwenye pikipiki nyingi za CDI inayolishwa na magneti, injini huzimwa kwa kuupeleka moto kwenye bodi; waya wa swichi hiyo ya kuzimia ukichubuka, au maji ya mvua yakiingia kwenye swichi, pikipiki inajizima yenyewe. Wengi huongeza redio, taa kali na chaja ya simu kwa kuunga waya popote. Viungo hivyo vichunguzwe mapema.

CDI yenyewe hupimwa kwa kuazima nzima kutoka pikipiki ya aina ileile kabisa. Zipo zinazolishwa na magneti, ambazo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, na zipo zinazolishwa na betri. Soketi zaweza kufanana, kumbe ndani ni vitu viwili tofauti, na kuzichanganya kunaweza kuunguza ile nzima ya rafiki.

Lipo tatizo jingine linalojificha nyuma ya umeme: hewa. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika malungu, matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Walijua vizuri kwamba moto ni hewa. Pikipiki iliyozoea bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mita zipatazo 800, ikipanda kutoka Muze hadi Sumbawanga inakuta hewa nyepesi zaidi. Kabureta inaendelea kumimina petroli ileile, na plagi inajaa masizi meusi. Masizi hupitisha umeme, basi moto unavujia humo badala ya kuruka. Plagi ya namna hiyo inaweza kutoa cheche ikiwa nje, ikarudishwa ndani kwenye mgandamizo ikashindwa, na hapo ndipo CDI inaposingiziwa. Isuguliwe kwa brashi, pengo lake lirudishwe kwenye milimita 0.6 hadi 0.8 au kama kitabu cha pikipiki kinavyosema, kisha kabureta irekebishwe hukuhuku juu, injini ikiwa imepata joto.