Mahasimu wageukapo wapenzi: Riwaya nyepesi, kasoro zake na utamu wake

HAKUNA masika yasiyokuwa na mbu, walinena wahenga, na wakazi wa Kwale wanaufahamu vyema ukweli wa msemo huo. Kati ya Aprili na Juni, mvua hutawala pwani ya kusini, watalii hupungua katika fuo za Diani na Tiwi, na baadhi ya wafanyakazi wa hoteli huagizwa kwenda likizo hadi msimu urejee.

Msemo huo wafaa pia katika usomaji. Ipo aina ya riwaya ambayo husomwa kwa furaha wakati kama huo wa mapumziko, ilhali hata mashabiki wake hukiri kwamba haikosi dosari. Hiyo ni riwaya nyepesi ya mapenzi ambamo mahasimu wawili huanza kwa kurushiana vijembe, kisha wakaishia kupendana.

Mtindo huo si mpya. Mwingereza William Shakespeare aliutumia katika tamthilia ya Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka wa 1600. Humo, Beatrice na Benedick hawakutani bila kukejeliana, nao ndio wanaooana mwishoni. Mnamo 1813, Jane Austen alichapisha Pride and Prejudice, riwaya ambamo Darcy anamdharau Elizabeth katika dansi, na baadaye anapomposa kwa mara ya kwanza anakataliwa katakata.

Katika miaka ya karibuni, mfano unaojulikana sana ni The Hating Game, riwaya ya kwanza ya mwandishi wa Australia, Sally Thorne. Ilichapishwa mwaka wa 2016, na filamu yake ikatoka mwaka wa 2021. Inasimulia habari za Lucy Hutton na Joshua Templeman, wasaidizi wa wakurugenzi wawili katika kampuni ya uchapishaji iliyotokana na kuunganishwa kwa kampuni mbili. Meza zao zinatazamana, na kutwa wao hushindana kwa kukodoleana macho, kuigana na kutafutiana makosa. Kisha cheo kimoja kikubwa kinatangazwa, na wote wawili wanakitaka.

Msomaji wa Ukunda hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Mahali ambapo ajira nyingi hutegemea utalii, ni jambo la kawaida watu wawili kuwania nafasi moja ya usimamizi, huku wakilazimika kufanya kazi bega kwa bega na kumtabasamia mgeni yule yule.

Je, utamu wa kisa kama hiki hutoka wapi, iwapo kila msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hao wataoana au angalau watapendana?

Jibu ni kwamba msomaji hatafuti kujua mwisho, bali njia. Abiria anayepanda matatu Likoni kwenda Lunga Lunga anajua fika atakakoshuka. Hata hivyo, hafumbi macho safari nzima. Hutazama Tiwi, Ukunda, Gazi na Msambweni, akasikiliza soga za wenzake na kucheka. Vivyo hivyo, msomaji hufurahia kutambua dalili za mapenzi kabla ya wahusika wenyewe kuzitambua. Lucy anadhani anamchunguza Joshua kwa chuki, kumbe amekariri hata mpangilio wa rangi za mashati yake.

Isitoshe, Mswahili na Mmijikenda wana kipimo chao cha mambo haya, nacho ni utani. Katika jamii za pwani, bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" na kumlaumu kwa kutomletea matumizi, na wote waliopo wakacheka. Utani huo hauudhi kwa sababu una masharti: wanaotaniana wanafahamika, kila mmoja ana ruhusa ya kujibu, na nia si kuumizana. Vijembe vya Lucy na Joshua vinapendeza pale vinapotimiza masharti hayo, kwani akirusha huyu, yule hujibu.

Kasoro, hata hivyo, hazifichiki. Kisa chote kinasimuliwa na Lucy, kwa hivyo mawazo ya Joshua tunayabahatisha tu hadi karibu na mwisho. Ufupi wa Lucy na urefu wa Joshua vinatajwa mara nyingi hadi vinachosha. Mji wanakoishi haupewi jina, na baadhi ya wahusika wadogo, mathalani Danny anayetoka na Lucy kwa muda mfupi, wapo ili kumtia Joshua wivu tu.

Kasoro nzito zaidi ni namna wivu na ukali wa mwanamume unavyopambwa kana kwamba ni thibitisho la mapenzi. Hapa mzaha hauna budi kukoma kidogo. Kijana anayeanza kazi hotelini au dukani hafai kuamini kwamba msimamizi anayemfokea na kumsumbua anampenda kisirisiri. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inaharamisha unyanyasaji wa kimapenzi kazini, na inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera ya kuukabili.

Kinachoiokoa riwaya hii ni usawa. Lucy na Joshua wana cheo kimoja, na hakuna anayeweza kumfuta mwenzake. Aidha, mwandishi anatambua kwamba mmoja akipandishwa cheo atakuwa mkubwa wa mwingine, na penzi lao litaingia doa. Ndiyo maana mwishoni Joshua anaamua kuhamia kampuni nyingine. Kwa mtu mwenye karo ya kulipa, uamuzi huo huenda ukaonekana rahisi kupita kiasi, lakini hoja yake ni ya maana.

Basi, je, kitabu cha namna hii kitupwe? La hasha. Wapo wanaodai kwamba riwaya isiyofunza siasa wala historia ni kupoteza wakati. Wanasahau kwamba kicheko ni haki ya mtu aliyechoka, na kwamba anayesoma kwa furaha leo ndiye atakayethubutu kufungua kitabu kizito kesho.

Linalotakiwa ni kusoma huku macho yakiwa wazi: kucheka panapochekesha, na kukataa pasipostahili. Mkulima wa Msambweni haombi masika yakatike kwa sababu ya mbu. Hutundika chandarua, akalala huku akisikiliza mvua.