Neli za Kaboni: Kitu na Jina Lake

Mwaka 1991, katika maabara ya kampuni ya NEC huko Japani, Sumio Iijima alichungua kwa hadubini ya elektroni masalio ya kaboni iliyounguzwa kwa cheche za umeme, akaona humo vijiti vyembamba mno vyenye uwazi ndani. Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za vitu vya namna hiyo mwaka 1952. Lakini makala ya Iijima ndiyo yaliyoamsha utafiti ulimwenguni. Mwenye kuieleza habari hii kwa Kiswahili hukabiliwa mara moja na swali: vitu hivi viitwe mirija au neli?

Jina halichaguliwi kabla ya kitu kufahamika. Grafiti, ile iliyomo katika penseli, ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana. Kila tabaka lina unene wa atomu moja, na atomu zake zimepangwa pembe sita sita, mfano wa sega la nyuki. Tabaka moja likiviringika hata kingo zake zikaungana, hupatikana neli ambayo kipenyo chake huweza kuwa nanometa 1 tu, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Tuchukue mfano wa mkeka wenye michirizi. Ukikunjwa sawasawa, michirizi hunyooka. Ukikunjwa mshazari, huzunguka kama hesi za parafujo. Mkeka ni ule ule, ila mkunjo umebadilika. Katika neli, tofauti hiyo ya mkunjo hubadili tabia yenyewe: moja hupitisha umeme kama madini, na nyingine huwa nusu-kipitishi, ambayo mkondo wake waweza kufunguliwa na kufungwa.

Hii ya pili ndiyo iliyotumiwa kuundia transista huko Delft, Uholanzi, mwaka 1998. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba upitishaji wake hubadilika ikiguswa na gesi ya amonia au ya nitrojeni dioksaidi. Kwa kuwa neli ya ukuta mmoja ina atomu zake zote juu ya uso, hakuna iliyojificha, nayo hufaa kuwa kihisi. Mwaka 2019 wataalamu wa MIT walitengeneza kichakato cha kompyuta chenye transista zaidi ya 14,000 za neli. Tatizo kubwa limekuwa kuzitenga neli za mikunjo mbalimbali, kwani hutoka zimechanganyika, na takriban theluthi moja huwa za tabia ya madini.

Sasa turudi kwenye jina. Neno mrija humpeleka msikilizaji kwenye kunyonya: kitu hupita katika tundu lake. Hata katika lugha ya siasa, mirija ni ya wanyonyaji. Lakini umeme haupiti tunduni, hupita ukutani. Mwanafunzi atakayefundishwa kwa neno hilo ataanza kwa kosa. Neno neli, lililokwisha kuzoeleka katika msamiati wa sayansi, halina mzigo huo. Twapendekeza basi neli kwa kitu chenyewe, na mkunjo kwa mwelekeo wa kuviringika kwake. Maana jina la kwanza pekee hutaja umbo, na siri yote imo katika la pili.